Kauli ya Kutendua

Miaka ishirini na sita nimeiandika ubaoni,
Wete, kidato cha pili, kipindi cha baada ya mapumziko,
chaki imenila vidole:
funga, fungua.
Tega, tegua.
Ezeka, ezua.
Tazameni, niliwaambia, irabu moja tu imepenya,
na kazi yote iliyofanywa
imerudi kuwa haijafanywa.

Shaame Faki alikaa penye dirisha lisilo kioo.
Siku ya mtihani aliandika: kua, kinyume chake kuua.
Nikampiga kosa kwa wino mwekundu.
Hata nusu sikumpa.

Leo kavaa koti jeupe la maabara
na karatasi yangu imo mkononi mwake.
Haniangalii. Ananiita Mwalimu, kama zamani,
kisha anageuza bahasha, anachora duara.
"Hii seli. Ukuta wake mafuta.
Si mafuta ya kulala tu juu ya mchuzi uliopoa.
Haya yanasema."

Anatia nukta, na nyengine, na ya tatu.
"Kuna kimeng'enya, kazi yake kubandika.
Homoni ikibisha hodi nje,
yeye ndani hubandika fosfeti ya tatu
kichwani mwa lipidi, pale pale utandoni.
Bendera imepanda, Mwalimu. Wengine huja mbio,
hukusanyika chini yake, neno likapita:
sukari iingie, protini ziundwe,
seli ijigawe.
Hapana ubaya. Ndivyo tulivyokua matumboni,
ndivyo kidonda kinavyoziba."

Akanyamaza. Nje mtu anaburuta mkokoteni.

"Na yupo mwenzake, wa kubandua."

Nilimwelewa kabla hajamaliza.
Nimelelewa Mtambwe, msimu wa karafuu,
majamvi yametandikwa uani tangu asubuhi
na bibi yangu Mize haketi, jicho lake liko winguni.
Tone la kwanza hujalisikia begani
sauti yake ishafika nyumba ya tatu:
Anueni!
Tukaanua, wageni wakaanua,
hata aliyekuja kudai deni lake
alijikuta kashika pembe ya jamvi.
Kuanika, nani asiyejua?
Nyumba yetu ilisimama kwa wa kuanua.

"Wako hayupo," anasema Shaame.
"Jeni yake imekatika. Hapo penye uvimbe
kila kilichobandikwa kimebaki kimebandikwa.
Usiku na mchana bendera hazishuki."

Kumbe hili tonge ninalolipapasa nikijifunga kanga
si adui aliyevuka bahari kunijia.
Ni zangu mwenyewe, seli tiifu,
watoto wanaonakili neno moja, kua, kua, kua,
mpaka daftari limekwisha, wanaandika juu ya dawati,
kwa kuwa mwalimu katoka darasani
na hakurudi kusema basi.

Ipo dawa. Inamshika mkono mwenye kubandika.
Haibandui, anasema, asinidanganye;
inamchelewesha.
Nikauliza kwa muda gani.
Akaangalia bahasha.

Jumatatu nitavuka kwenda Unguja.
Madaftari ya kidato cha pili nimemwachia Bi Raya,
insha kumi na saba bado hazijasahihishwa,
na funguo ya kabati inakwama, aizungushe kushoto.

Mlangoni nikageuka.
"Shaame, ule mtihani."
"Naukumbuka, Mwalimu."
"Kua haina kutendua. Kosa nililokupiga lilikuwa haki."
"Najua."
Nikamwomba kalamu. Kando ya lile duara
nikamwandikia nusu.

Njia ya Limbani, mbingu imeshika weusi.
Kwa jirani kamba imejaa: shuka mbili,
sare ya mtoto, kanzu ya Ijumaa.
Mlango una kufuli.
Tone likanigonga mkononi.
Nikaweka mkoba chini,
nikaanua.